Povu Kwanza

Umekuja na nyusi moja, Eloy.
Ile nyingine umeiacha jikoni kwa rafiki yako,
kwenye tochi ya dola tisa uliyookota kituo cha mafuta
kati ya chingamu na miwani ya jua.
Haya, keti. Vua hiyo skafu kwanza, ina nyuzinyuzi.

Miaka thelathini na moja nimechomelea mabomba
toka Pueblo hadi mpaka wa New Mexico.
Moto ulinilisha, kisha ukala pua yangu:
sisikii harufu ya kahawa, ya mvua, wala ya gesi.
Ndiyo maana nina bakuli la sabuni.
Tazama: nachovya kidole, napaka shingo ya tochi.
Povu likivimba, kuna mahali panapumua,
na kinachopumua pasipo ruhusa
hakiwashwi.

Tochi huichagui kwa macho. Ishike.
Iwe na matako mapana, kama mtu aliyekuja kukaa;
ukiipiga kikumbo isilale.
Kifyatuo kiwe na kufuli,
kidole kikisinzia, moto nao usinzie.
Lile dude la fundi bomba liache dukani,
ni la kuyeyushia shaba.
Kikombe chako cha kioo ni kama kifuniko cha soda,
unataka kukipasha au kukiadhibu?

Kuijaza: nje, imeshapoa,
kichwa chini, na hakuna sigara jirani.
Gesi itakung'ata vidole, baridi kama Februari ya hapa Walsenburg.
Ukimaliza, usiwashe.
Ngoja. Nitajie majirani wote wa mtaa huu,
waliohama na waliozikwa,
maana iliyomwagika nayo inatafuta njia ya kuondoka.

Sasa. Buluu, si njano.
Mwali wa njano una masizi, na una jambo linaloficha.
Uzungushe chini ya kikombe, usiutulize mahali pamoja.
Kioo kikianza kuona haya, basi.
Zima. Simamisha tochi wima, mbali na karatasi;
mdomo wake hauna mwanga tena
lakini hasira bado unayo.

Halafu ni kusubiri, na hapo ndipo mnapoharibu.
Nta ya bangi haipendi jehanamu:
iangushe kwenye kioo kinachowaka
na utakohoa pesa yako yote.
Pumzi ishirini. Kipande kama punje ya mchele, kisizidi.
Na gari ubaki umelikabidhi funguo zake kwangu.

Unatazama mstari mweupe sakafuni.
Niliupaka mimi, majira ya kiangazi
Casimiro alipoletewa mtungi wa oksijeni.
Makaa ya mawe yalikuwa yamemjaa kifuani
kama yalikuwa yanarudi nyumbani.
Oksijeni haiwaki, Eloy,
ila huupa moto wazimu.
Kwa hiyo tochi haikuvuka mstari, wala kiberiti,
wala mshumaa wa sikukuu yake ya kuzaliwa;
keki tuliikata hivyo hivyo, gizani kidogo.

Mimi na magoti yangu yanayouma tulikaa hapa kibarazani,
yeye ndani, mrija puani, nyuma ya dirisha,
akinihesabia pumzi kwa vidole:
mkono mmoja, mikono miwili, tena, tena.
Alidanganya. Ya kumi na saba aliihesabu mara mbili
ili nichelewe, ili anitazame.

Machi kampuni ilikuja kuchukua mtungi.
Kijana wao alikuwa mpole, aliniazima kalamu.
Tangu siku ile jikoni ni salama kabisa,
hakuna wa kunizuia kuwasha palepale kwenye meza.

Bado natoka nje.
Theluji ikianguka natoka, na koti lake.
Nikifika kumi na saba nageuka dirishani,
naihesabu tena.

Haya, chukua tochi.
Hapana.
Povu kwanza.