Ukuta wa Magazeti

Baba alibandika magazeti ukutani kwa uji wa muhogo,
chumba na nusu, nyumba ya kampuni ya shaba, Kilembe.
Si kwa kupenda habari. Kwa baridi.
Usiku upepo ulishuka kutoka kwa Nzururu na theluji yake,
ukapenya matundu ya misumari,
na gazeti, alisema, ni blanketi la maskini anayesoma.

Kila Krismasi tabaka jipya juu ya la zamani.
Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma: nimelala ubavu,
kidole kwenye herufi kubwa,
mende akikatiza katikati ya sentensi.

Sasa mto Nyamwamba umeshaingia na kutoka.
Umetuachia mawe makubwa kuliko kitanda,
na ukuta unabanduka wenyewe,
karatasi ya juu kwanza. Nasoma kinyumenyume.

Semina hotelini, Entebbe. Chupa ya maji mbele ya kila mgeni.
WADAU WAKUBALIANA KUKUTANA TENA.
Ubavuni mwake, rangi nne, tangazo la mafuta ya Ziwa Albert:
Kesho Yetu Inang'aa.
Uji ule ule umezishika zote mbili.

Chini yake Bududa, mlima umeketi juu ya soko.
Waziri kavaa gambuti zisizojua tope.
Yeye ana jina na cheo, wafu wana idadi.
Siku ya tatu wamehamia ukurasa wa tisa.
Siku ya nne, mpira.

Nabandua. Dubu mweupe!
Huyu namkumbuka. Kasimama juu ya kipande cha barafu
kama abiria aliyeshushwa njiani.
Mimi na dada yangu Ithungu tulimwombea kila usiku
kabla ya kuwaombea wagonjwa.
Hakuna aliyetuandikia kwamba barafu inayokufa
ni hii pia, ya juu ya paa letu,
mwendo wa siku tatu kupita mgomba wa mwisho.

Nyuma ya dubu wataalamu wawili wanatazamana,
picha sawa kwa sawa, mistari sawa kwa sawa:
mmoja asema dunia inapata joto, mwenzake asema haipati.
MSOMAJI, WEWE WAONAJE?
Baba hakumwandikia mhariri.
Mwaka ule sweta lake la kazi alimpa mbwa alalie,
na mbu wa kwanza kuonekana mtaani kwetu
alimuua papa hapa, kwa kiganja, juu ya neno "inasemekana".
Doa bado lipo.

Halafu picha ndogo, karibu na chemshabongo:
wageni wapima theluji, majina matatu marefu.
Mpagazi wa mwisho kushoto hakutajwa.
Ni mjomba Syahuka.
Alikuwa na jiwe lake la kutundikia panga, ukingoni mwa barafu,
na kila safari jiwe lilibaki nyuma zaidi, kavu.
Hakuulizwa. Naye hakuwa mtu wa kusema asipoulizwa.

Na la chini kabisa, limegeuka rangi ya chai,
mstari mmoja chini ya bei ya kahawa:
Mvua za kawaida zatarajiwa. Wakulima wapande.
Kisha saruji.

Jana alikuja kijana na kipaza sauti.
Akamsimamisha mama kando ya jiwe,
akamwomba arudie "tumepoteza kila kitu",
mara hii mkono ukiwa juu kidogo.
"Jina?"
"Masika." Kwetu ndilo la binti wa kwanza.
Jioni redio ikatangaza: masika yabomoa nyumba Kilembe.
Mama akacheka hadi akakaa chini.
"Mwanangu, kumbe ni mimi."

Asubuhi nimemkuta anakoroga uji wa muhogo,
gazeti la leo liko miguuni, wino haujakauka.
"Wa nini tena, mama? Baridi yenyewe iko wapi?"
Hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.
"Matundu," akasema. "Matundu bado yapo."