Meza ya Kukatia

Laki sita na elfu arobaini.
Jana usiku nilizishonea mfuko wake wa ndani,
zipu ya inchi nne, uzi mara mbili,
maana Kariakoo naijua, nayo inanijua.

Mtaa wa Aggrey, feni inazungusha joto lilelile.
Muuzaji anaitwa Kessy. Amepanga kompyuta mpakato
kama mafungu ya ndizi: hizi za nne, hizi za nane,
zile za juu, bado zina nailoni, kumi na sita.
"Mama, mtoto anakwenda kusomea nini?"
Ukadiriaji majenzi, nikamwambia.
Nimejifunza kulitamka wiki nzima nikitia vifungo.
"Basi kumi na sita. Chini ya hapo itamsumbua."
Sikudhani akatazama viatu vyake.
Huyu akitazama viatu,
ujue anataka kitu na bei yake ameshaiona.

Kumi na sita nini?
Jibi za ramu, akasema Kessy.
Kumbukumbu, akasema mwanangu.
Kumbe kumbukumbu nazo huuzwa kwa kipimo!
Mimi nakumbuka kiuno cha kila mteja tangu mvua za elinino,
na nani alichukua sare ya kipaimara
akasema atalipa Jumatatu,
na sijawahi kununua hata jibi moja.

"Siyo hiyo, mama. Ya kutunza ni diski,
lile kabati lako la vitambaa.
Hii ni meza. Meza ya kukatia.
Ukizima, inafutika,
kama unavyofagia vipande jioni."

Hapo nikaelewa kumzidi aliyenieleza.
Nilianzia Tandika, kibarazani kwa watu, meza futi tatu.
Gauni la harusi nililikata kwa awamu:
natandaza, nakata, nakunja,
natandaza upande wa pili, upinde ukanikimbia.
Kitambaa kilikuwepo. Mkasi ulikuwa mkali.
Meza ndiyo ilikuwa ndogo.
Bibi harusi yule tukikutana sokoni hanisalimii.

Lakini na meza kubwa nimeiona.
Shemeji Mponda alinunua ya mninga, futi nane,
haikupita mlangoni, akabomoa ukuta.
Mpaka leo juu yake kuna ndoo, chaja mbovu na paka.

"Haya, wewe. Kwa siku moja unatandaza nini?"
Akahesabu kwa vidole.
Mchoro wa jengo. Jedwali la bei.
Kazi ya kuandika. Kurasa za mtandao sita, saba.
"Na muziki?"
Kimya.
Na muziki.

Kessy akashusha sauti, kama mtu anayejiibia:
nne itakuwa inakunja na kukunjua kutwa.
Nane itamfikisha mwaka wa tatu.
Mwaka wa tatu wanachora maghorofa.

Nane, laki tano na nusu.
Kumi na sita, laki nane na ishirini.
Pungufu yangu laki moja na themanini,
yaani sare kumi na mbili, mshono mtupu.

"Ifungue."
"Nini, mama?"
"Mgongo. Sinunui gauni bila kuona mshono wa ndani."
Akatoa bisibisi nyembamba kama sindano ya cherehani.
Vumbi kidogo. Nyaya.
Kibao cha kijani kimekaa kwenye mfereji wake,
na ubavuni pake mfereji mwingine, hauna kitu.
"Na hapa?"
"Hapo unapachika nane nyingine, siku ukijaliwa."

Nguo ya mtoto huwa naiachia pindo,
inchi mbili, kwa ndani, watu wasilione.
Akirefuka nafumua, nateremsha.

Nikafungua zipu.

Usiku akaiwasha juu ya meza yangu,
pale pale penye mapazia ya mama Tumpale
yanayotakiwa kesho asubuhi.
Hakuniomba nafasi.
Nikayakunja mapazia mara nne,
nikavuta kiti upande wangu,
nikamwachia nusu.