Mdomo wa Kumi na Moja

Saa nane na robo usiku kinu kimenyamaza,
na kinu cha unga kikinyamaza Barabara ya Pugu
hata mbwa wa mlinzi huamka.

Nimefungua kabati la umeme, joto likanipiga usoni
kama nimefunua sufuria.
Hii hapa, kadi ya kutoa amri,
nyembamba kuliko daftari la shule,
midomo kumi na sita, kila mdomo na kitaa chake cha kijani.
Masikio haina. Masikio yako kwenye kadi ya jirani.
Yenyewe huambiwa, ikasema:
washa,
zima.
Haijui lile neno letu "bado",
wala "inshallah", wala "nipo Buguruni hapa, nafika".

Mdomo wa kumi na moja unawaka.
"Taa si hiyo?" Bwana Kisamo ananionyesha kwa kalamu.
"Vali imeshaambiwa. Tatizo liko kwenu."
Kwenu, yaani mimi, na Likwata anayeshika tochi
huku anapiga miayo.
Huko juu vali imefumba, na tani nne za ngano
zimeikalia kama wageni wasiojua kuaga.

Nagusa kwa mita. Hapa kwenye kadi, volti ishirini na nne,
hazijapungua hata nukta.
Andika, Likwata. Kadi haikudanganya.
Kadi imesema.

Napanda na ule waya, ngazi tisini na mbili,
unga mpaka kwenye kope,
mpaka kisanduku cha nyuma ya silo, upande unaolowa kila masika.
Skrubu imeota kutu ya kijani.
Nagusa tena.
Sufuri.

Neno lilitoka zima
(zima ya uzima, si zima ya kuzima)
likafia hapa, shibiri moja kutoka mlangoni,
na kule chini taa inaendelea kuwaka
kwa moyo mweupe kabisa.

Nasugua kutu kwa msasa na kukumbuka
siku nilipoifunga kadi hii, miaka mitatu sasa.
Kompyuta iliniuliza kabla haijakubali:
mawasiliano na bongo yakikatika, kadi ifanye nini?
Izime yote,
au ishike amri ya mwisho?
Kwa tanuri nilijibu, zima. Sikufikiri mara mbili.
Kwa feni ya kupoza, shika.
Nikaenda kula chipsi.

Mimi hakuna aliyenipangia.
Chande alipiga simu kutoka Lindi, kumi la mwisho la Ramadhani,
mtandao unakwaruza, akasema,
"Ukilala usifunge komeo, nitaingia usiku."
Simu ikakata.
Huu mwezi wa saba.
Mama ananiambia, mwanangu, Vingunguti hii!
Wezi wenyewe watakuonea aibu.
Nami hulala na mlango umerudishiwa tu,
kitaa changu kinawaka,
sijui huko mbele ya waya kuna volti ngapi.

Nusu mzunguko wa bisibisi.
Tak.
Silo yote imetetemeka mgongoni mwangu,
ngano imeanza kushuka, na Likwata huko chini
anapiga kelele kama Yanga wamefunga.
Bwana Kisamo kaandika kwenye kitabu cha zamu:
hitilafu ndogo, fundi alichelewa dakika arobaini.

Saa moja asubuhi nimefika nyumbani.
Nimevua viatu, vimeacha nyayo nyeupe sakafuni
kutoka mlangoni mpaka kwenye ndoo.
Jirani anachoma vitumbua. Jua limeshaingia dirishani,
na mimi ndiyo kwanza nataka kulala.
Nimerudi mlangoni.
Nimeweka kidole kwenye komeo, chuma cha baridi,
hakina hata doa la kutu.

Bado.