Miguu Minne

Randa niliinunua Msalato, siku ya mnada,
kati ya mbuzi wawili waliopigana pembe.
Muuzaji hakujua ni nini. "Chuma hicho, mzee,
na kipande cha ubao. Toa elfu nane tuachane."
Nilimpa saba, nikaibeba kwenye mfuko wa karanga
kama mtu aliyeiba.

Miaka ishirini na sita nimepiga mihuri.
Imepokelewa. Imeonekana. Irudishwe kwa hatua zaidi.
Mikono yangu ilijua wino, ilijua pini,
haikujua kitu hata kimoja chenye uzito.

Fundi wangu Lechipya ana miaka ishirini na mitatu.
Karakana yake ni bati sita na nguzo za mkaratusi,
Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga.
Msumeno wa umeme anao, kaufunika gunia:
"Tezo," anasema, "haili luku."
Alinitazama vidole, akacheka kwa adabu.
Nikamwahi: "Samaki mkunje angali mbichi, najua.
Mimi nimeshakauka kama kambale wa Mtera."
"Kambale mkavu hulowekwa," akasema,
akanipa kinoo na ndoo ya maji.

Wiki mbili sikugusa mti.
Nilinoa. Kabla ya ofisi, baada ya ofisi,
patasi juu ya jiwe, nenda rudi, nenda rudi,
kama anayesaga uwele wa harusi,
hadi siku malaika ya mkono yalipoanguka yenyewe
na Lechipya akasema: "Sasa imeanza kusikia."
Hakusema kukata. Kusikia.

Mninga wangu ulitoka Itigi, ukawa mlango,
mlango ukachoka. Niliupasua kwa mkono,
upepo wa Septemba ukipokea unga wake
kabla haujafika chini, ukiukoroga na vumbi la mtaa,
nami nikipiga chafya nyekundu.

Na randa! Mara ya kwanza ilidonoa kama kuku.
Ikanuna. Ikang'oa nyama.
"Usimpapase paka kuanzia mkiani," Lechipya akaniambia,
akaugeuza ubao.
Ikatoka
tepe moja, ndefu, nyembamba hata nikaona
kidole changu ng'ambo yake.
Sikuitupa. Imo kwenye daftari la matumizi, ukurasa wa Oktoba.

Kisha kigoda. Ndimi nne, matundu manne;
tatu ziliingia kwa heshima, wa nne ukaomba nyundo.
Nikakipeleka nyumbani, nikakiweka sebuleni.
Kikachechemea.
Nikapunguza mguu wa kushoto. Kikachechemea kulia.
Nikapunguza wa kulia. Kikainama mbele
kama bwana harusi mbele ya wakwe.
Usiku nne, kurunzi mdomoni, nilikata,
Sechelela akiokota vipande, akivitia kwenye kiberiti:
"Baba Nyemo, hiki ni kiti au ni deni?"

Jumamosi Lechipya akapita.
Hakukikalia. Aliomba kioo cha dirisha ambacho hatujakifunga,
akakilaza juu ya meza, kigoda juu ya kioo.
Akaomba kiberiti.
Kipande kwa kipande akavirudisha chini ya miguu,
kila kimoja kwa mwenyewe, mishipa ya mti ikimwongoza,
hadi kigoda kikasimama kimo chake cha kwanza.
Tuli.
Akainama, shavu sakafuni, jicho moja amefumba,
sakafu yangu ya mkopo, niliyoikagua,
niliyoitia sahihi na muhuri.
"Mzee," akasema taratibu, "kosa halikuwa huku."

Tulikisawazisha pale pale juu ya kioo.
Sasa ni kifupi mno, mgeni huwezi kumpa.
Sechelela amekitoa uani, kwenye udongo,
anachambulia mlenda.
Kikiyumba, anajisogeza kidogo,
ardhi inaingia mguu, basi.
Jana aliuliza, bila kuinua macho,
kama ule mlango umebaki.