Zamu ya Alfajiri, Uvinza

Miaka mitatu chini ya Bwana Ruhuza
nililala nimekunja ngumi.
Gwasa mume wangu ndiye aliyeniambia;
mimi nilidhani ni baridi ya Ruchugi.

Alikuwa na daftari lenye jalada jekundu.
Aliyekohoa kwenye moshi wa matanuri, jina.
Aliyekwenda chooni mara ya pili, jina.
Ntahondi alipobabuliwa na maji ya chumvi
aliandikwa: kapoteza dakika arobaini.
Na hakuwa mtu wa kufoka, mnielewe.
Alinong'ona. Alivaa viatu vya raba,
tukawa tunashtuka hata paka akipita.

Viganja vilichanika, chumvi ikaingia; hilo tulilizoea.
Mwisho hata pole tuliacha kupeana.
Kila mmoja alimwona mwenzake
kama mdomo uliokaa karibu na sikio la ofisi.

Kisha akaletwa Mama Kalunde, kutoka Tabora,
mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi.
Sikumwamini. Siku ya kwanza akauliza
glavu ziko wapi. Tukatazamana.
Zilikuwa stoo, katoni sita, hazijafunguliwa,
panya wameshazalia humo mara mbili.

Sitasema alituletea pepo. Mshahara wa Machi
ulichelewa siku kumi na moja.
Ila alisimama penye mizani, jua la saa sita,
akasema, "Hela haijafika, na sijui itafika lini.
Nikijua kesho, mtajua kesho."
Na hesabu ya magunia alipoikosea,
alitamka mwenyewe, mbele ya vibarua:
"Hapa nimekosea mimi."
Mzee Bitaliho aliangusha koleo.
Miaka ishirini na sita kazini.

Sijui ilikuwa siku gani Ntahondi alipoanza tena utani,
wala nani wa kwanza kubakiza muhogo
kwa ajili ya zamu inayoingia.

Jana usiku mwanangu akaonja mchuzi wa migebuka,
akanitazama, kijiko bado mdomoni.
"Mama, siku hizi chumvi unaipatia."

Nikacheka, halafu nikageukia moto.
Nilizikumbuka zile sufuria,
leo chukuchuku, kesho kali kama maji ya kisimani,
na wao wakala, baba na mtoto,
miaka mitatu,
bila kusema neno.