Ziwa la Maegeshoni

Jumanne, Wigan, saa nne usiku,
mtu amechora ziwa
nyuma ya duka la mazulia.
Si dimbwi. Ziwa, lenye ghuba mbili na kisiwa,
la buluu kama sare ya shule,
na jina amelipa: Ziwa Darren.

Mimi ni mmoja wa wale wasiolipwa
wanaochora ramani ya dunia kwa jioni zao.
Nimepima vichochoro vya Scholes kwa miguu,
nimehesabu ngazi za daraja la reli, ishirini na saba,
nimeandika lango lipi hufungwa, na saa ngapi.
Mama yangu kule Igoma hakuwa na anwani;
barua zake ziliandikwa "bati jekundu,
nyuma ya mashine ya kusaga",
na nusu yake hazikufika.
Basi mtu akiichezea ramani, napandwa.

Najua kwa nini wanafanya.
Kuna mchezo wa simu, una vijini vyake,
na mchezo husoma ramani yetu:
penye maji huzaa vijini vya maji,
penye bustani, vya majani.
Mchezaji mvivu halifuati ziwa,
huliita limfuate.
Mwezi uliopita nilifuta msitu juu ya paa la zahanati,
na njia ya miguu iliyokatiza sebule
ya bibi mmoja wa Ince, ikatokea chooni.

Lakini sheria yetu ni moja: chora kilichopo.
Na kufuta nako ni kuchora.
Nikavaa koti, nikaenda kutazama.

Mvua ile ya Wigan, hainyeshi wala haiachi.
Asiyekuwapo na lake halipo, tuliambiwa.
Hapa ziwa halikuwapo
na watu wake walikuwapo:
kumi na mmoja, niliwahesabu kwa mazoea,
wamesimama kwenye lami, nyuso zinawaka kutokea chini.
Binti wa miaka tisa hivi, na baba yake,
alikuwa amevaa buti za mpira.
"Kwa ajili ya ziwa," akanieleza,
kama mtu anayemweleza mjinga.
Na mzee wa kofia ya sufu, Cuthbert,
mjane tangu Machi.
Hajawahi kukamata hata kimoja, alisema,
simu yenyewe ya mjukuu.
Yeye huja kwa sababu wapo.

Pembeni, chini ya taa inayopepesa,
gari la chai la Bi Ollerenshaw,
dirisha lake limejaa mvuke,
foleni ya watu wanne.

Nilirudi nyumbani nikalifuta.
Ghuba mbili, kisiwa, Darren na ziwa lake.
Sababu ya mabadiliko: *halipo*.
Nikalala vizuri, nakiri.

Jumanne iliyofuata, lami tupu.
Toroli moja la dukani limelala kifudifudi.
Leigh, nilisikia, wamepata bahari
nyuma ya kiwanda cha biskuti.
Bi Ollerenshaw alikuwa akifuta kaunta iliyokwisha kufutwa.
"Watu wangu wameenda wapi?" aliniuliza,
mimi, wa kwanza kumpata usiku ule.
Ningemwambia nini?
Kwamba niliyemfukuzia wateja ni mimi,
kwa kidole kimoja, na nilikuwa na haki?

Gari halichorwi. Hiyo nayo ni sheria:
chenye kutembea hakiwekwi kwenye ramani.
Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.
Matairi yote manne yamekufa.
Ndani ya rimu moja umeota mti mdogo,
sijui jina lake, una maua ya zambarau.
"Tangu lini lipo hapa?"
"Mwaka wa saba huu, mpenzi. Injini niliiuza."

Nikatoa simu palepale.
Nukta moja, ndogo kuliko zote tulizo nazo.
Chai. Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa sita usiku.
Chanzo cha habari: nimesimama hapo.

Hakuja mtu mwingine.
Chai ilikuwa na sukari mno, nikaimaliza.