Herufi Tisa

Karani wa vitambulisho, hapa Kondoa,
ameinua kalamu, ameishusha, ameinua tena.
"Dada Mwajabu, hili jina ni la kabila gani?"
Nyuma yangu foleni nzima imetega sikio.

Nimelizoea swali. Darasa la kwanza
mwalimu aliita Gwandi, akaita Sungita,
alipofika kwangu akakohoa,
akasema, "Na wewe hapo."
Kadi ya kliniki inasema Kavachiki.
Cheti cha shule, Kowalisiki.
Ila kuna risiti ya kodi ya kichwa, ya babu,
imekunjwa mara nne ndani ya kopo la majani ya chai,
ambako mtu mwenye mwandiko mzuri aliziandika zote tisa:
K, o, w, a, l,
halafu c iliyofiwa na h yake,
z, y, na k ya kufungia mlango.

Babu alizaliwa Ilanda, basi.
Alikuwa na miaka kumi na mitatu
malori yalipowashusha Wapolandi, wanawake na watoto,
waliokwisha kutembezwa nusu ya dunia na vita,
wakashika ardhi ya Irangi na makoti ya baridi mikononi.
Kati yao mzee mmoja, mhunzi, mapafu mabovu,
akitafuta mtu wa kuvukuta.
Babu akavukuta.
Lugha yao ilikuwa fuawe:
pigo moja, ongeza makaa;
mapigo mawili, acha;
matatu, tukale.

Kambi ilipofungwa mzee aliacha koleo
na nyundo ya ratili nne.
Jina hakulitoa. Lilibaki tu,
kama moshi unavyobaki kwenye shati.
Mtoza kodi aliuliza, "Na huyu nani?"
Watu wakamjibu, "Huyo wa Kowalczyk."
Ikaandikwa. Na shilingi zikapokelewa.

Mwaka juzi alikuja bibi Halina, na fimbo, na mjukuu,
kulitafuta kaburi la mdogo wake.
Bawaba ya lango la makaburi ilikuwa imekatika,
wakaelekezwa kwangu.
Akakisoma kibao changu cha bati,
KOVALCHIKI: MAGETI, MADIRISHA, MAJEMBE,
akacheka mpaka akakalia gunia la mkaa.

Kwa Kiswahili chake cha utotoni,
ufunguo wenye kutu ambao bado unafungua,
akaniambia: kwetu jina hili ni la kumwaga.
Liite sokoni, watageuka wanne,
wa tano atadhani unamdai.
Kila kijiji kilikuwa na farasi,
kila farasi kwato zake,
kila kwato ikimtaka mhunzi,
na nyuma ya mhunzi kijana mwenye masizi puani.
Huyo kijana ndiye waliyemwita hivyo.
Si mhunzi mwenyewe. Mdogo wa mhunzi.
"Mwanawe," nikauliza, "au mwanagenzi wake?"
Akainua mabega. "Nani alikuwa akitofautisha?"

Nilizima mashine ya kuchomelea.
Miaka yote nilidhani tumevaa koti la mtu.

"Ni la kabila la wavuta mvukuto," nimemwambia karani.
Hakucheka. Amechapa kwa kidole kimoja,
kwenye z akanitazama kama ninayemtania.
Kule wako maelfu kwa maelfu.
Hapa kompyuta imezunguka wilaya nzima,
imerudi na nyumba yetu peke yake.

Halafu vidole.
Kioo kimewaka nyekundu.
Nimefuta mkono kwenye kanga, nimerudia. Nyekundu.
Cheche za miaka kumi na minane
zimeila mistari yote.
Karani amekipuliza kioo, amekisugua kwa mkono wa shati.
"Tujaribu dole gumba la kushoto, dada.
Hilo halijashika nyundo."

Nimeuangalia mkono wangu wa kushoto,
ambao ndio unaoshika nyundo,
nikampa.